Ubatizo wa Loda

Waliokuwa jikoni kwangu Matisi asubuhi ile, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ni hawa: mimi, binti yangu Wanjiru, kichanga chake Roda, mkwe wangu Nekesa wa Myanga, yaani nyanya ya mtoto upande wa baba, na Mzee Josia wa kanisa letu la Kilutheri, aliyepita kutusalimia. Juzi nimepita hapo, sasa ni duka la simu, ndio nikakumbuka.

Uji wa wimbi ulikuwa unachemka. Mtoto akaanza kukosa pumzi. Pasta alikuwa Bungoma. Sisi tulifundishwa kwamba hatari ikija, Mkristo yeyote anaweza kubatiza, maana kazi ni ya Mungu, mtu ni mkono tu. Lakini mimi niliganda na mwiko. Mzee Josia akawa anatafuta miwani. Nekesa ndiye alichota maji na kikombe, na kanisani kwao hata hawabatizi kwa maji. Akammwagia kichwani, kwa ule ulimi wake usiojua r: "Loda, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Loho Mtakatifu."

Kabla ya saa sita mtoto alikuwa ameenda. Sikulia. Nilimenya viazi, maana watu wangekuja.

Kwa matanga Mzee Josia akaleta maneno. "Huo si ubatizo, bana. Loho ni nani? Sisi hatuna Loho."

Wanjiru akaacha kula. Alitaka kujua kitu kimoja tu: mtoto wake amebatizwa ama hakubatizwa.

Pasta alipofika akamuuliza Nekesa, "Mama, maji yalikuwako?"

"Yalikuwako. Si haya ya mtungi?"

"Na ulimtaja nani?"

"Huyo huyo wenu, pasta. Kwani wako wawili?"

Watu wakacheka, hata kwa matanga. Pasta akasema zamani sana huko Ulaya kulikuwa na padri ambaye Kilatini kilimshinda, akawa anabatiza akikosea maneno, na kanisa likakataa watu wake wabatizwe tena. Ahadi ya Mungu haingoji ulimi wa mtu unyooke. Kisha akamgeukia fundi wa msalaba wa kaburi: "Andika vile alibatizwa." Fundi akaandika LODA.

Wanjiru akashusha pumzi. Mimi nilisikia yote kama mtu aliye nyuma ya ukuta.

Msalaba ule mchwa wameumaliza. Nekesa amelala Myanga, Mzee Josia pia hayuko, na wajukuu wanaongea Kiswahili cha shule. Kama ulikuwepo na nimekosea, nisahihishe, hata ukisema uji ulikuwa wa mahindi. Jina tu ndilo usinirekebishie.