Kamera ya Pili

Miaka ya elfu mbili na kidogo nilikuwa napiga video za harusi za Wazanzibari wa London, upande wa wanawake tu. Ukumbi ule haingii mwanamume, na hata wa kuhariri picha zake lazima awe mwanamke. Nilihariri chumbani kwangu, Walthamstow.

Kazi yenyewe si ngumu, usiiogope. Kamera tatu zikishaanza kurekodi, unapiga kofi moja mbele yake. Nyumbani unalitafuta kofi lile katika kila kanda, unazilinganisha hapo, na kompyuta inakuonesha picha zote tatu zikienda sambamba. Ukibonyeza moja, mbili au tatu, picha inahamia kamera uliyoitaka. Sauti haihami. Unachukua ya kamera moja, mwanzo hadi mwisho, isije ikarukaruka.

Mama wa bwana harusi alikuja kutazama kabla sijamaliza. Alivuta kiti, akanyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Huyu mtoe."

Huyo alikuwa mama mdogo wa bibi harusi, aliyemlea tangu mama yake mzazi afariki. Mpemba, mfanya usafi hospitalini.

"Bi mkubwa, huyu ndiye aliyemvisha mtoto asumini."

"Ndugu zangu wa Muscat wataitazama hii. Niwaambie mkwe mwenzangu anasugua vyoo? Mama yake kafa, basi na aonekane kafa."

Nilicheka. Nilijua ni vibaya, nikacheka. Kisha, kwa kuwa napenda kufundisha, nikamwonesha: akitokea kamera ya kwanza, bonyeza mbili. Nikamwachia kibodi.

Alijifunza upesi. "Kwaheri!" anasema, anabonyeza. "Kwaheri, bibi ufagio!" Mkono ukianza tu kuingia na shada la asumini, picha inaruka kwenye keki. Nami nilimsifu: "Hapo hapo, bi mkubwa! Mkono wako mwepesi." Mchana mmoja tulimaliza.

Wiki mbili baadaye nilimpelekea mama mdogo nakala yake kwenye diski. Alikuwa amevaa gauni lile lile la harusi, amenikaangia sambusa. Tukakaa kutazama. Alikuwa akijitafuta, akitabasamu kabla ya wakati.

Kikapigwa kigelegele, kirefu, chenye kukatika mwishoni.

"Huyo mimi!" Akasogea mbele. Kwenye kioo kulikuwa na keki. "Rudisha kidogo, mwanangu. Labda nimepepesa."

Nikarudisha. Keki. Nikarudisha tena.

"Kamera zote tatu hazikuniona?"

Mimi niliyeweza kumweleza mtu yeyote kitu chochote, nikasema, "Moja iliharibika, mama."

"Kanda zenyewe je?"

Kanda nilikwishazipigia harusi nyingine. Ndivyo tulivyofanya, kanda moja harusi tatu, nne. Hilo nilimwambia, maana lilikuwa kweli.

Akanisogezea sahani. "Basi kula. Vyombo huharibika, usijitie unyonge." Kisha akaitoa ile diski, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Nifanyie nyingine nimpelekee mama yangu, kule Wete, Pemba. Hajaniona miaka kumi na mmoja. Ile sauti ataijua."

Nikamwambia Ijumaa itakuwa tayari.