Mbuzi Aliyekatwa Kwenye Picha

Mama Numbi hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mtu wa vitumbua. Kila asubuhi, kabla treni ya kwanza haijapiga honi, alikuwa ameshaketi kwenye meza yake karibu na kituo cha Kamina, karai la mafuta mbele yake, beseni la unga uliokandwa ubavuni limefunikwa kitambaa, na macho yakizunguka kila upande kama ya kuku mwenye vifaranga. Aliogopa moto. Aliogopa treni. Aliogopa baridi ya Juni isije ikaingia kifuani mwa mumewe Banza, fundi wa reli. Hata mambo yaliyokwenda vizuri aliyaogopa, kwa sababu hakujua yangeishia wapi.

Na mwaka ule wa 1959 jambo lililokwenda vizuri kuliko yote lilikuwa uchumba wa binti yake Noémie. Mchumba aliitwa Amédée, muuguzi, mtoto wa karani Kayembe. Walikuwa watu wa Kasai waliohamia Kamina zamani, majirani wa kanisa moja. Wazee walikuwa wameshakubaliana karibu kila kitu. Kilichobaki ni mbuzi wa mama, yule ambaye upande wa mwanamume humletea mama wa binti. Asipofika huyo, maneno hayajaisha.

Mama Numbi alimpenda kijana huyo, ingawa hakuwahi kumwona vizuri. Desturi haikuruhusu. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, na Amédée alishika desturi kwa mikono miwili. Akimwona Mama Numbi njiani, aligeuza uso na kutafuta pa kujificha. Siku moja alijificha nyuma ya mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye kuku, akatembea naye ameinama mpaka kona, na yule mtu akadhani anaibiwa kuku wake.

"Huyu ana adabu," Mama Numbi alimwambia mumewe siku hiyo.

"Ana adabu, mais atavunja shingo," alijibu Banza.

Siasa ilikuwa imeanza kuingia kila nyumba wakati huo, na iliingia kwa magazeti. Zamani Banza na Kayembe walisoma gazeti moja, wakipokezana baada ya misa. Sasa treni ilileta mawili kutoka Elisabethville. Banza alisoma *Tarumbeta*, lililosema nchi ni ya wenyeji, na wageni, kama watu wa Kasai, warudi kwao. Kayembe alisoma *Jua Jipya*, lililosema nchi ni ya wote, na asemaye vingine ana chuki. Nyumba ya msomaji wa *Tarumbeta* haikukubali *Jua Jipya* hata la kuwashia makaa. Kule kwa Kayembe ilikuwa hivyo hivyo.

Siku moja wakubwa wa chama kilichopendwa na *Jua Jipya* walikuja kuhutubia uwanjani karibu na kituo. Watu walijaa, wengine kwa ajili ya hotuba, wengine kwa ajili ya vitumbua. Mama Numbi hakusikia neno. Alikuwa akigeuza vitumbua.

Hotuba ilipokwisha, wale wakubwa wakashika valizi zao za safari kurudi kwenye treni. Hapo hapo akatokea mbuzi, hakuna aliyejua ametoka wapi, akiburuta kamba iliyokatika. Akaenda moja kwa moja kwenye beseni, akasukuma kitambaa kwa pua, akazamisha kichwa.

"Mbuzi! Numbi, mbuzi!" alipiga kelele Ève, muuza karanga wa meza ya jirani.

Mama Numbi aliruka na mwiko mkononi, mikono yote juu, mdomo wazi. Mbele yake wakubwa walikuwa wakipita, migongo imemgeukia. Na Wenceslas, mpiga picha wa Cité, mtaa wa Waafrika, aliyekuwa amepanda juu ya kiti apate kichwa cha kila mtu, alibonyeza kamera yake.

Mbuzi akakimbia na ndevu nyeupe kwa unga. Watu wakacheka. Jioni Banza alisimuliwa, akacheka mpaka akakohoa, na Mama Numbi akamchemshia majani ya mchaichai. Aliona jambo limekwisha.

Magazeti yalipofika juma lililofuata, Banza aliingia amebeba *Tarumbeta* kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Numbi! Uko mu gazeti!"

Alikuwa yeye kweli, mikono juu, mwiko mkononi, na mbele yake migongo na valizi. Mama Numbi alikuwa amesoma kwa masista miaka miwili tu. Aliweka kidole chini ya maandishi makubwa akasoma polepole: MAMA WA KAMINA AWAFUKUZA WAGENI.

"Na mbuzi iko wapi?" aliuliza.

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi yenye ilikula unga! Si ulicheka weye mwenyewe?"

Banza akalisogeza gazeti karibu na macho, kisha mbali. "Hapa hakuna mbuzi," alisema. Akafikiri. "Labda ulifukuza bageni kwanza, kiisha mbuzi ikakuja."

Kesho yake meza ilizingirwa. Watu ambao hawakuwa wakimsalimu walimpa mkono. "Mama, nipe bitumbula bya shujaa," walisema. Alipojaribu kueleza habari ya mbuzi, walimkonyeza macho. "Tunajua, mama. Usiogope. Sema tu mbuzi."

Ève ndiye aliyemshangaza zaidi. Alikuwa akiwasimulia wanunuzi wake huku akipima karanga: "Miye nilikuwa hapa. Niliona na macho yangu. Balikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki mu reli!"

"Ève! Weye njo uliniita juu ya mbuzi!"

"Mbuzi?" Ève alimtazama kwa huruma. "Mama Noémie, mbuzi ilikuwa siku ingine."

Ni lazima isemwe kwamba siku mbili za kwanza Mama Numbi hakuchukia sana. Vitumbua viliisha mapema, na si vibaya mtu kupewa mkono. Alifika hata mahali pa kujiuliza kama kweli hakuwaona wale wageni na kukasirika kidogo. Kisha Ndaya, mke wa Kayembe, alipita mbele ya meza bila salamu, macho kwenye reli, kana kwamba kwenye meza ile hakukaa mtu.

Jioni ujumbe ukaja: mazungumzo ya Jumapili yameahirishwa, na mbuzi wa mama abaki kwanza alipofungwa.

*Jua Jipya* nalo lilikuwa limechapa picha ile ile. Chini yake liliandika: CHUKI KAMINA, MWANAMKE MWENYE RUNGU AWASHAMBULIA NDUGU ZETU. Mwiko ulikuwa umekuwa rungu.

Noémie alilia kimya kimya akikuna mihogo. Kisha akainua uso. "Mama, kweli haukubafukuza?"

Swali hilo lilimchoma Mama Numbi kuliko kupitwa na Ndaya. Ikiwa mtoto aliyemzaa anauliza, huko nje wanaamini nini? Aliona harusi inayeyuka mbele yake kama mafuta kwenye karai. Akafunga kitenge, akaenda kwa Wenceslas.

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa ndege ya Sabena, na watu walipiga picha mbele yake kama wasafiri. Wenceslas alimpokea kwa furaha.

"Mama wa magazeti! Foto yako iliniletea baraka. Niliuzia *Tarumbeta*, nikauzia *Jua Jipya*. Foto moja tu!"

"Na mbuzi yangu ulipeleka wapi?"

"Sikuipeleka. Iko hapo kwa mlango." Akamwonyesha. Pale mlangoni, kati ya watoto wa komunyo na bwana mmoja mwenye miwani myeusi, picha nzima ilikuwa imetundikwa: Mama Numbi, mwiko, valizi, na upande wa kushoto mbuzi mzima, kichwa ndani ya beseni, sikio moja jeupe limesimama. "Bantu banasimama hapa kila siku, banasema, 'Njo huyo mama!' Hata mumoja haniulizi mbuzi."

Mama Numbi aliitoa picha ukutani kabla Wenceslas hajakubali. Alimwahidi sahani ya vitumbua.

Jumapili baada ya misa alimvuta Banza kwa mkono mpaka kwa Kayembe. Walipewa viti na maji ya kunywa, kwa heshima yote na bila tabasamu hata moja. Banza alikuwa na *Tarumbeta* mfukoni mwa koti. Mfuko wa Kayembe nao ulikuwa umevimba.

"Mama Noémie," alianza Kayembe, "gazeti yetu haisemake bongo, inasemaka kweli tu."

"Baba, gazeti haikuwa na nafasi ya mbuzi. Tazama."

Kayembe alivaa miwani, akaitazama picha kwa muda mrefu. "Mbuzi iko, ni kweli. Mais mpiga foto anaweza kuiweka kisha."

"Ataiweka namna gani?" aliuliza Banza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa upande wa mkewe.

Wakati huo mbuzi mmoja alilia nyuma ya jiko. Mama Numbi, ambaye hakuna sauti iliyompita, aligeuka. Kupitia mlango wa nyuma aliona kamba yenye fundo, kigingi, na sikio moja jeupe.

"Mama Ndaya, ile mbuzi ni ya nani?"

Ndaya aliinamisha kichwa. "Ni yako. Ilikuwa yako. Amédée aliitosha kule Kabondo-Dianda, akaileta na lori. Haijatoka mu kamba hata siku moja."

"Mumwite," alisema Mama Numbi.

Amédée aliingia kinyumenyume, kwa sababu mama mkwe alikuwa ndani, akasimama akitazama ukuta. Baba yake alimpa ile picha. Kijana akaitupia jicho, akamwona mama mkwe, akaigeuza haraka uso chini.

"Unafanya nini?" aliuliza Kayembe.

"Tata, ni mama. Siwezi kumutazama."

"Na mu gazeti?"

"Mu gazeti pia niligeuza."

Basi katika Kamina nzima, mtu aliyemjua mbuzi yule kuliko wote ndiye hakuthubutu kuitazama picha, kwa adabu. Mama Numbi alitaka kucheka lakini aliogopa kuharibu.

"Funika mama na kofia," alisema Ndaya. "Utazame kingine."

Amédée alivua kofia, akafunika upande wa mama mkwe kwa uangalifu, akatazama.

"Ni yeye," alisema akiuambia ukuta. "Siku ya mkutano alikata kamba. Nilizunguka Cité yote. Nilimukuta kwa tanki ya maji, ndevu nyeupe. Nilimuosha, nikanyamaza. Niliwaza, bakijua, batasema: huyu ameshindwa kuchunga mbuzi, atachunga bibi?"

Kayembe alianza kucheka kutoka tumboni, polepole, mpaka miwani ikaanguka. Banza akamfuata na kikohozi chake. Wakatoa magazeti mifukoni wakayalaza mezani, ubavu kwa ubavu, mara ya kwanza tangu mwaka kuanza. Yalikuwa yamekata picha mahali pale pale. *Tarumbeta* na *Jua Jipya*, yasiyokubaliana hata kama jana mvua ilinyesha, yalikuwa yamekubaliana juu ya mbuzi. Yalimwondoa mbuzi yakamwacha mama. Amédée alikuwa amemfunika mama akamwacha mbuzi, na harusi ikarudi.

Banza na Kayembe waliandika, kila mmoja kwa gazeti lake, wakieleza ilivyokuwa. Hakuna lililochapa. *Tarumbeta* lilijibu kwa kumwomba Banza anunue la mwaka mzima.

Siku ya kuleta mbuzi wa mama, watu wa Kayembe walipita njia ya kituo kwa makusudi, wakiimba, mbuzi mbele na utepe mwekundu shingoni. Ève alikuwa kwenye meza yake akimweleza msafiri mmoja jinsi wageni walivyokimbia, na sasa viatu vilivyobaki kwenye reli vilikuwa viwili. Akainua macho. Akamwona mbuzi.

Alijitupa juu ya sinia la karanga kwa mikono na kifua.

"Numbi! Mbuzi! Ile ile ya unga!"

Kisha akajisikia mwenyewe. Akabaki pale juu ya sinia, kiganja mdomoni, na barabara nzima ikaangua kicheko. Mama Numbi alicheka mpaka machozi, akaketi chini kwenye vumbi na kitenge chake kipya, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakutazama kushoto wala kulia kama kuna kitu cha kuogopa. Wenceslas alikuwa ameshapanda juu ya kiti.

"Piga," Mama Numbi alimwambia akijifuta macho. "Na hii usiuzie muntu. Hii ni ya ukuta wangu, na mbuzi ndani."

Akainuka, akapokea kamba, akaifunga mafundo mawili.