Manyoya ya Simba wa Shilingi

Ukikaa na shilingi ya zamani kiganjani kwa muda, vidole hubaki na harufu ya funguo zilizoloa jasho, harufu isiyotoka hata kwa sabuni ya kipande. Agosti nzima, nilipokuwa darasa la sita, mikono yangu ilinuka hivyo. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa Gatitu kwa nyanya yangu mzaa baba, ambaye kwa desturi yetu ndiye niliyepewa jina lake, Muthoni. Kila mtu alimwita Cucu, nyanya kwa Kikuyu. Baridi ilikuwa ile ya kuumiza masikio, manyunyu yakianguka tangu asubuhi, na Mlima Kenya haukujitokeza hata siku moja. Tulishinda jikoni karibu na moto, yeye akimenya viazi kwa kupapasa, kwa sababu macho yake hayakuona tena vitu vya karibu.

Alichotaka nyanya wakati huo kilikuwa kimoja tu: miwani. Alitaka kujisomea kitabu chake cha nyimbo za kanisa, maana alikuwa amechoka kuimba kwa kufuata midomo ya wenzake. Akakumbuka shilingi tatu alizoachiwa na baba yake, zile za enzi ya mkoloni zenye simba aliyesimama mbele ya milima. Jumamosi moja tukashuka Nyeri mjini kuuliza kwa Mama Rukia, mwanamke Mwislamu aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na soko, na ambaye pia alinunua sarafu za kale akawauzia wakusanyaji. Akatuonyesha moja aliyoiweka chini ya kioo cha meza. "Cucu, ukiwa na kama hii, manyoya ya simba yanahesabika, nitakupa bei nzuri. Miwani utapata," alisema. "Zilete wiki ijayo nizitazame."

Nyumbani nikazitazama mimi kwanza. Mbili zilikuwa zimelika kama soli za viatu. Ya tatu ilikuwa na nafuu, ila shingo ya simba wake ilikuwa kipara kitupu. Sasa, mimi nilikuwa hodari wa kuchora, mwalimu alikuwa amenisifu mbele ya darasa, na sifa za mwalimu zimewaponza wengi. Nyanya alipotoka kukama ng'ombe, nikachukua bikari yangu ya hesabu, nikakaa dirishani, nikamchonga simba manyoya unywele mmoja mmoja. Kisha nikasugua majivu ili kuua mng'ao. Nilijiona fundi, tena fundi mwenye huruma, kwa kuwa nilikuwa namtafutia nyanya macho. Ijumaa jioni aliishika ile shilingi, akaipapasa kwa kidole gumba, akaniuliza, "Muthoni, iko vile ilikuwa?" Nikamjibu, "Iko vile vile, Cucu." Akaifunga kwenye leso yake bila kuuliza tena.

Kesho yake dukani, Mama Rukia hakuanza na lenzi. Alikwenda na ile ya tatu mlangoni, akaiinamisha ili mwanga uipige ubavuni, akaigeuza polepole. Halafu akachomoa pamba kidogo kwenye kopo, akaipitisha juu ya simba. Kwenye milima ikateleza, mgongoni ikateleza, shingoni ikanasa. Alipoinua mkono, simba alikuwa ameota mvi. "Cucu, hii imechongwa," alisema. "Sarafu huliwa na vidole vya watu, na huanza kulika pale palipoinuka. Huyu pua imeisha, mgongo umeisha, lakini nywele ni kama ametoka saluni jana? Na ncha ya chuma huacha kingo kali, ndizo hizi zimeshika pamba." Akasoma mwaka ulioandikwa pembeni, akaguna. "Na mwaka huu nimeutafuta sana. Ningeichukua hivyo hivyo na kipara chake."

"Mimi sijui mambo ya kuchonga, Mama Rukia," nyanya alisema. "Hata kutia uzi kwa sindano siwezi. Hii pesa ni ya baba yangu." Mama Rukia akaisukuma shilingi upande wetu wa meza. Wateja wawili waliokuwa wakichagua vitambaa wakaacha kuchagua. Mmoja nilimjua, aliimba kwaya moja na nyanya, na nikaona wazi kwamba kufikia Jumapili Gatitu yote ingesema Cucu Muthoni ni tapeli. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini mficha uchi hazai. "Ni mimi," nikasema. "Nilichonga na bikari. Cucu hajui kitu." Nilikaza shavu kungoja kofi. Nyanya akageuza uso kuifuata sauti yangu. "Na si nilikuuliza?" alisema. Nikaitikia kwamba aliniuliza. Kwa kweli ningelipendelea lile kofi.

Mama Rukia alikuwa na kawaida ya kuiweka kila sarafu kwenye bahasha ndogo ya kaki na kuandika kasoro zake juu. Nyanya akaomba ya kwetu ikae hapo hadi ipate mtu, na kasoro yake niiandike mimi. Nikaandika, huku machozi yakilowesha kaki: Manyoya yamechongwa na mtoto kwa bikari. Miwani haikuja Agosti ile. Kila jioni nilimsomea nyanya nyimbo zake, na likizo fupi ilipofika nikamsomea tena. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Krismasi ilipokaribia, mwalimu mmoja mstaafu kutoka Kianyaga, mkusanyaji wa miaka mingi, aliisoma bahasha ile akacheka mpaka akavua kofia. Alimwambia Mama Rukia kwamba hajawahi kumpata muuzaji anayejishtaki mwenyewe. Akainunua, akaulizia na zile nyingine mbili, akazichukua bila kuzipitishia pamba. Nyanya akapata miwani yake. Siku ya kwanza alifungua kitabu cha nyimbo, akasoma kimya, akakunja uso. "Muthoni, kumbe huu wimbo uko na mistari tano? Mbona wewe ulikuwa unanisomea tatu?" Tukacheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Leo kazi yangu ni kukagua sarafu. Watu hunitumia picha kwa simu, kisha sarafu zenyewe, kutoka Mwea hadi Nanyuki, na wachongaji wa siku hizi wana mashine zinazoweza kuishinda pamba ya Mama Rukia. Mara mbili nimedanganywa, na nimekiri. Hata hivyo sikati tamaa, maana vijana wanaoniuliza ukweli kabla ya kuuza wanazidi kuongezeka. Miwani yangu mwenyewe imeanza kunishinda kwenye vitu vidogo, kwa hiyo binti yangu ndiye anayeinamia lenzi, nami nakaa kando na kalamu. Humuuliza mara moja tu ameona nini. Anachoniambia ndicho ninachoandika kwenye bahasha, kisha natia sahihi.