Kadi Katika Fundo la Leso

Mama yangu alikuwa akiupigia hodi mlango wa stoo. Nikisema hivi watu hudhani namtania, lakini ndivyo ilivyokuwa kwetu Voi, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Alikuja na ungo mkononi, akasimama mbele ya kisanduku cheusi nilichokipigilia ukutani, akasema "Hodi," kisha akakisogezea nyonga. Kwenye pindo la leso yake kulikuwa na kadi. Kisanduku kililia piip, kitasa kikaachia, naye akaingia akijibu "Starehe," kana kwamba kuna mtu aliyemkaribisha.

Kadi zile nilizipata Mombasa, nilipofuatana na mjomba kununua vitambaa. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyetulea baba alipofariki, na alikuwa ameshaamua kwamba nitapima vitambaa dukani kwake hadi nizeeke. Mimi nilitaka chuo cha ufundi. Nilikuwa natengeneza redio za mtaa mzima barazani kwetu, na mjomba aliziita "makopo yako yanayokoroma".

Kwa muuza vyuma chakavu mmoja kulikuwa na kapu la kadi zilizong'olewa kwenye ofisi iliyofungwa, pamoja na kisanduku cha kuzisomea. Muuzaji aliapa kwamba zote ni sawa. Mwongo mkubwa! Nyingine zilikuwa nyembamba, zenye mkanda mweusi, za kupitisha kwenye ufa. Nikawaza vumbi jekundu la Voi likiingia kwenye ufa ule, nikazirudisha kapuni. Nyingine zilikuwa nene, nyeupe, zenye waya mwembamba uliozungushwa ndani, na hizo zinasomeka kwa kusogezwa tu, bila kugusa kitu. Nikaomba betri, nikawasha kisanduku, nikaanza kuzijaribu moja moja. Nyingi zilikaa kimya, maana kila kisanduku husikia kadi za ukoo wake tu. Nne zikalia. Mjomba alikuwa nje akinihesabia dakika.

Nyumbani nilifunga kitasa cha umeme kwenye mlango wa stoo, nikakiunganisha na betri ya gari, kwa sababu stima za Voi zilikuwa na tabia ya kuaga bila kusalimia. Mjomba akaja kukagua. Akalizungusha kufuli la zamani la mlango kidoleni, akalitia mfukoni.

"Harusi ya dada yako ni mwezi ujao," akasema. "Mchele, samli, nguo za bibi harusi, vyote vitakaa humu. Mlango huu ukifunguka mpaka siku hiyo, nitakupeleka chuoni mwenyewe. Ukikataa hata mara moja, Jumatatu uko dukani."

Mama alichukua kadi yake, akaifunga kwenye pindo la leso, mahali alipofunga kila kitu chake muhimu. Nilimweleza kwamba haina haja ya kufunguliwa, itasomeka hata ndani ya nguo. Alifurahi kupita kiasi. Majirani walikuja kumtazama akiupigia ukuta nyonga, nao wakaomba na wao wajaribu nyonga zao.

Wiki tatu mlango haukukosea. Nikaanza kutembea kifua mbele, Mungu anisamehe.

Asubuhi ya harusi mpishi wetu, mwanamume wa mtaa wa Bomeni mwenye sauti ya kipaza sauti, alikuwa ameshabandika masufuria, maji yanachemka. "Mama, leta mchele!" Mama akaja, wanawake wakamfuata kuona ule muujiza. Akasema hodi. Akasogeza nyonga.

Kimya.

Akasogeza tena, safari hii kwa nguvu, fundo likagonga ukuta. Shangazi mmoja akashauri ajaribu nyonga ya pili. Wakacheka, nami nikacheka nao. Kadi zangu nyingine nilikuwa nimezifungia mumo humo stoo, kwa ujuaji wangu.

"Kijana, hii mlango yako imekataa?" mpishi akauliza. "Maji yangu inakauka!"

Mjomba akatokea, kanzu imepigwa pasi. Akatoa futi yake ya kupimia vitambaa mfukoni, akaanza kuikunjua polepole. Nilimchukia kwa dakika ile, nasema kweli.

"Mama, nipe fundo," nikamwambia. Akalishika kwa mikono miwili asitake kuliachia. Nikalifungua mwenyewe. Kadi ilikuwamo, na juu yake, umegandamana nayo, kulikuwa na ufunguo wenye kibati kipana cha kopo la samli. Kibati kile nilikijua. Nilimkatia mama nilipokuwa darasa la tano, ili asiupoteze ufunguo wa kidirisha cha makaa, nyuma ya stoo. Sote tuliamini ulipotea zamani.

Bati na kadi haviivi chungu kimoja; bati huifunika kadi, kisanduku kisiisikie. Nilikitia kibati na ufunguo wake mfukoni, nikaisogeza kadi peke yake. Piip. Vigelegele vikapanda, mpishi akaingia mbio.

"Ufunguo huo wa nini?" mjomba akauliza.

"Wa sanduku langu la nguo," mama akajibu upesi, akitazama chini. Mama yangu hakuwa na sanduku la nguo.

Mjomba akaikunja futi yake. "Umechelewa, lakini umefunguka," akasema. "Chuo utakwenda."

Alasiri, wageni walipokuwa wakila, nilimkuta mama ameketi peke yake jikoni. Nikamrudishia ufunguo, nikamuuliza ulitoka wapi.

"Niliutafuta wiki nzima, jana usiku nikaupata," akasema. "Niliogopa kitu chako kitakuaibisha leo. Nikasema kikikataa, nitazunguka nyuma nipenye kidirishani, nikufungulie kwa ndani mjomba wako asijue. Kumbe wameweka turubai la wanaume huko huko." Akaugeuza ufunguo mkononi, akakitazama kibati. "Mbona kadi ilisoma ulipoitoa? Au ni mimi niliyeuziba mlango?"

Kwa wiki tatu nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba kadi zangu hazikosei.

"La, mama," nikasema. "Kadi ilikuwa mbovu."