Ng'ombe wa Kwenye Korido

Niyonsenga wa Burungu, kijiji cha milima ya Masisi, ni mtu ambaye ukimuuliza habari za asubuhi anakujibu habari za ng'ombe. Ana miaka arobaini na saba, buti za plastiki asizozivua hata msibani, na fimbo ambayo mkewe, Drocella, anasema ndiyo mke mkubwa wa nyumba ile. Anachunga ng'ombe kumi na mmoja wa tajiri anayeishi Goma, naye anaweza kumtambua kila mmoja wao kwa kikohozi chake tu. Watu wanampenda. Ila hajawahi kutokea mtu wa kumtafuta ili aombe maoni yake juu ya jambo lolote lisilo na mkia.

Basi kijiji kilicheka sana kiliposikia kwamba Niyonsenga ameshikwa na filamu. Na ingekuwa filamu ya kueleweka, wangemsamehe.

Maurice, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo na kufungua duka hapo njia panda, ana chumba nyuma ya duka lake: mabenchi sita, televisheni kubwa, na betri zinazochajiwa na jua. Jumapili baada ya misa anaonyesha karate na vita. Siku moja nduguye alimletea diski iliyojaa filamu, na humo ndani ikawemo hii moja, haina jina, na watu wake wanaongea kidogo tu kwa lugha ambayo hata Madame Noëlla, mwalimu wa darasa la sita, aliyesoma hadi Bukavu, hakuitambua.

Inaanza mvua ikinyesha ndani ya nyumba. Mwanamke anakula peke yake chini ya mvua hiyo, wala hana habari. Simu inalia, anakata mkate, anatoa simu ndani yake, anasikiliza, anairudisha mkateni. Bwana mwenye koti refu anapita mlango, anapita mwingine, anapita wa tano, na kila mlango unamrudisha kwenye chumba kile kile. Katikati ya filamu anafika mezani, anamkuta yule mwanamke akila na mumewe, na huyo mume ni yeye mwenyewe, koti na kila kitu. Hakuna anayeshtuka. Na kwenye korido, tangu mwanzo hadi mwisho, amesimama ng'ombe. Hakuna anayemfukuza, hakuna anayemkamua. Mwishoni bwana anaingia akicheka na ndoo mpya mkononi, anavua viatu, anafunga mlango, basi, imekwisha.

Mara ya kwanza watu walidhani diski imekwaruzwa. Mara ya pili walimwambia Maurice amwombe nduguye kile kipande kilichobaki. Madame Noëlla alisema ni ndoto, Maurice akasema yule bwana amekufa na hajajua, na benchi la nyuma likasema ni uchawi, nalo benchi la nyuma husema hivyo hata kuhusu mpira. Niyonsenga aliomba tu ionyeshwe tena.

Akaiona mara saba. Alikuwa akipitia kwa Maurice siku za katikati ya juma, chumba kikiwa kitupu, akibeba kichupa cha maziwa ili Maurice asichoke naye.

"Weye unaangaliaka nini mule?" Drocella alimuuliza.

"Ngombe."

"Ngombe kumi na moya ya kule mulima haikutoshe?"

Alichojua ni kwamba kila yule ng'ombe alipogeuza kichwa kutazama kamera, yeye Niyonsenga alishindwa kutazama pembeni, na alitaka kujua kwa nini. Usiku alimfikiria. Mchana, akiwa mlimani na ng'ombe wa kweli, alimfikiria yule wa korido. Hata mwenyewe aliona aibu kidogo.

Halafu diski ikajaa. Maurice alikuwa ameahidiwa karate mpya, sehemu kumi na mbili, na hakuna mtu katika Burungu nzima angemlaumu kwa kufuta ile filamu ya mvua. Kwa heshima ya maziwa, alimwita Niyonsenga kwanza.

"Papa Niyonsenga, siku ya Yenga nitaionyesha mara ya mwisho. Bantu bakibakia mpaka ku mwisho, ninaichunga. Bakitoka, ninafuta. Usinikasirikie."

"Siwezi kukukasirikia," alisema Niyonsenga, na alikuwa amekasirika mno.

Yenga, yaani Jumapili, ikafika, jua kali, misa fupi. Chumba kilijaa kwa sababu watu walijua karate inafuata. Drocella naye alikuja, kwa mara ya kwanza, akakaa benchi la mbele na kanga yake ya kanisani, aone kitu kinachomshinda mumewe. Mvua ikanyesha ndani ya nyumba. Simu ikalia ndani ya mkate. Watu wakaguna. Bwana alipofikia mlango wa tatu, benchi la nyuma likaanza kusimama, wanaume wakijinyoosha wakisema watarudi karate ikianza. Maurice alimtazama Niyonsenga na kuinua mabega.

Hapo ndipo Niyonsenga, mtu ambaye hata kwenye harusi ya binti yake aliomba mdogo wake aseme kwa niaba yake, alisimama mbele ya watu sitini.

"Papa Maurice, simamisha picha!"

Picha ikasimama. Niyonsenga akanyoosha fimbo hadi ikagusa televisheni.

"Bandugu, muangalie ile ngombe. Ile iko na mimba ya miezi ngapi?"

Sasa, ukitaka mtu wa Masisi akupite bila kukusalimu, muulize habari za ndoto na kifo. Lakini muulize mimba ya ng'ombe! Wale waliokuwa mlangoni waligeuka. Mmoja akasema miezi minne. Mwingine akasema huyo hana mimba, ni majani tu. Mtu wa tatu akawasukuma wote wawili apate kusogea karibu.

"Mine, sawa," alisema Niyonsenga. "Sasa Papa Maurice, turudishe ku mwanzo, kule ku mvua."

Maurice akarudisha. Ng'ombe yule yule, pembe ya kushoto imekatika ncha, doa jeupe tumboni. Ila hapa tumbo lilikuwa limeshuka, kiwele kimejaa hadi maziwa yanadondoka sakafuni na kuchanganyika na mvua.

"Eeh! Hii imezaa!" alipiga kelele mama mmoja. "Hata siku mbili haiyapita!"

"Ku mwanzo imezaa," alisema Niyonsenga. "Ku katikati iko na mine. Sasa mubakie, muone ku mwisho."

Walibaki. Hakuna aliyetazama tena koti wala milango; watu sitini walitazama korido. Na kila ng'ombe alipotokea chumba kilikuwa mnada, huyu akitaja miezi, yule akimpinga, mpaka bwana alipoingia akicheka na ndoo yake na nyuma yake akaonekana ng'ombe mwembamba, tumbo tupu, mtamba ambaye hata dume hajamjua.

"Inarudiaka nyuma," alisema Maurice polepole. "Filme yote inarudiaka nyuma."

Walipiga makofi. Ndiyo, kweli, walimpigia makofi Niyonsenga, na buti zake. Madame Noëlla peke yake aliinua kidole, maana mwalimu ni mwalimu.

"Pengine walitangulia tu kupiga picha za mwisho, Papa Niyonsenga. Ngombe haijuake filme. Inajua tu siku zake."

Lilikuwa neno zito, na chumba kikamgeukia Niyonsenga. Alijikuna shingo. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kubeba jambo miezi mitatu bila kulijua, halafu likatoka mdomoni mwake lenyewe.

"Inawezekana, Madame. Lakini angalia ndoo. Ku mwisho njo ndoo ya mupya, ule muntu anaingia nayo, anafurahi, hajajua kitu. Ile njo siku ya kwanza ya nyumba yao. Ku mwanzo, bibi anakula yeye moya, paa haiko, mvua inaingia. Ile njo siku ya mwisho ya nyumba yao. Na ule bwana wa koti, hajakufa, haloti. Iko anarudia kwake. Anapita mulango, anapita mulango, anakuta meza yake, anajikuta yeye mwenyewe wa zamani anakula muzuri na bibi yake. Ni muntu anarudia kwake tu."

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Katika chumba kile hapakuwa na familia ambayo haikuwahi kukimbia vita na kurudi, na kusimama mlangoni pa nyumba yake ikitafuta ilikokuwa meza. Mwanamume mmoja wa benchi la nyuma alivua kofia, akaivaa tena. Maurice akasema, bila kuulizwa, kwamba filamu haifutwi, atapunguza karate.

Niyonsenga aliketi. Alikuwa ameshinda, na kwa kweli alijisikia vizuri, kisha akajisikia vibaya kidogo. Alidhani kumbe ndiyo basi, kitendawili kimeteguliwa, Jumapili ijayo hatakuwa na cha kutazama.

Ndipo Drocella, kule benchi la mbele, akageuka.

"Na ndama iko wapi?"

"Ndama gani?"

"Ngombe imezaa, umesema weye. Maziwa inaanguka chini, hakuna mwenye kunyonya. Ndama iko wapi?"

Niyonsenga aliiona filamu yote kichwani, chumba kwa chumba, mlango kwa mlango, na hakuna ndama mahali popote. Kisha akamwona Bihogo wao, ng'ombe wao wenyewe, wa pekee waliyewahi kuwa naye, waliyemwacha ana mimba ya miezi minane siku walipokimbia usiku kucha hadi ng'ambo ya Sake, kwenye mahema ya wakimbizi karibu na Mubambiro. Waliporudi hawakumkuta. Hawakuwahi kuuliza, maana wangemuuliza nani? Na katika miaka yote hiyo hawakuwahi kulitaja jambo hilo, yeye kwa sababu ya aibu ya mwanamume aliyeacha ng'ombe wake, na Drocella kwa sababu ya kumhurumia.

"Ile ya filme, sijue," alisema mbele ya watu wote. "Na ya Bihogo yetu nayo, Mama Drocella, sijue."

Drocella akainuka, akawapita watu kwa magoti yao, akaja benchi lake na kumsukuma kwa kiuno ili ampishe.

"Papa Maurice," alisema, "rudisha ku mwanzo. Hamukuangalia muzuri."

Na Maurice, watu wakililia karate, akairudisha. Mvua ikaanza kunyesha ndani ya nyumba. Drocella akaishika ile fimbo aliyoiita mke mkubwa, akailaza magotini mwao wote wawili, akainama mbele na kuanza kutafuta ndama.