Waya Nilioufunga Kwenye Mfereji

Ng'ombe ndiye aliyejua kwanza. Alikuwa ng'ombe wa maziwa mwenye mabaka meusi na meupe, mpole hata mke wangu alimkamua bila kumfunga miguu. Asubuhi moja ya kiangazi alikwenda kwenye hori lake kama kawaida, akainamisha kichwa, pua ikagusa maji, akaruka nyuma kama aliyechapwa kiboko. Alisimama mbali akipumua kwa nguvu na kuyatazama maji. Hakunywa. Mke wangu akampeleka mtoni, na huko akanywa mpaka tumbo likajaa.

"Ng'ombe akikataa maji ya nyumbani," mke wangu aliniambia aliporudi, "kuna kitu nyumbani."

Nilicheka. Kitu chenyewe nilikuwa nimekiweka mimi, siku chache kabla ya hapo, na nilikuwa nikijivunia.

Tulikaa juu ya Litein, mahali ambapo mashamba ya chai yanateremka mpaka bondeni na ukungu hupanda kutoka mtoni kila alasiri. Ilikuwa miaka ya tisini, na stima ilikuwa bado ni jambo jipya katika kijiji chetu. Mimi nilikuwa karani katika kituo cha kununua majani chai. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilifanya vizuri katika fizikia, jambo ambalo nililitaja mara nyingi kuliko lilivyohitajika.

Meneja mmoja wa shamba kubwa alipohama, alipanga vitu vyake kwenye nyasi mbele ya nyumba ili watu wanunue. Wengine walichukua vitanda na viti. Mke wangu alikuwa amenituma kabati. Mimi nikarudi na pleya ya santuri, amplifaya ya chuma iliyokuwa nzito kama jiwe la kusagia, spika mbili, na sanduku la santuri za gitaa na za kwaya. Mke wangu alivitazama vitu vile vikishushwa, akaniuliza sahani atazitia ndani ya spika ya kulia au ya kushoto.

Shida ya kwanza ilikuwa nguvu ya stima. Laini yetu ilikuwa ile ile ya kinu cha kusaga mahindi pale senta. Mwenye kinu akiwasha mota, balbu yetu iligeuka nyekundu kama jicho la mlevi, na mwimbaji kwenye santuri akaanza kuvuta maneno kama mtu anayeshikwa na usingizi. Hiyo niliizoea. Nilingoja Jumapili baada ya kanisa, wakati kinu kimefungwa.

Shida ya pili ilikuwa mngurumo. Chini ya kila wimbo palikuwa na sauti nzito isiyokoma. Jirani yangu, karani mwenzangu aliyetoka milima ya Kisii, alikuwa akija kila Jumapili kusikiliza, na hakuninyima maneno.

"Karani, hii mashine inaimba ama inasaga mahindi?"

"Nyamaza usikilize gitaa."

"Gitaa nasikia. Na mahindi pia nasikia. Shemeji, kuna unga huko jikoni? Bwana yako anatusagia hapa."

Mke wangu alicheka jikoni, na kicheko kile kiliniuma kuliko maneno ya jirani. Nikaapa kwamba mngurumo ule nitauua.

Pleya ya santuri ina waya mmoja mwembamba usiopitisha muziki. Kazi yake ni kuunganisha chuma cha pleya na chuma cha amplifaya, ili umeme wa kutangatanga uwe na njia ya kwenda. Niliukaza. Mngurumo ukapungua kidogo, haukuisha. Kisha nikagundua kwamba nikiweka kidole juu ya amplifaya, sauti inashuka. Hapo elimu yangu ikaamka. Nikajiambia kwamba chombo kinatafuta ardhi na hakiipati vizuri. Nyuma ya nyumba fundi alikuwa amepiga chuma ardhini, ambacho mafundi hukiita athi, na waya wake ulikuja mpaka kwenye soketi. Badala ya kwenda kukiangalia kile chuma, niliamua kwamba hakifai. Nikafungua plagi iliyolisha vyombo vyote, nikakata waya wake wa kijani. Kisha nikachukua waya mrefu, nikaufunga kwenye mwili wa amplifaya, nikaupitisha dirishani, nikaufunga kwenye bomba la mfereji wetu nje, karibu na hori la ng'ombe.

Mngurumo ukafa. Kati ya wimbo na wimbo kukawa kimya kabisa, nikaisikia sindano yenyewe ikitembea. Nilikaa kwenye kiti nikijiona mtu. Tangu siku hiyo soketi ikawa haizimwi, hata siku za kazi.

Lile bomba lilikuwa la chuma hapo juu tu, pale liliposimama kwenye sakafu ya saruji. Chini yake, urefu wa mkono ndani ya udongo, lilikuwa limeungwa na bomba jeusi la plastiki. Lile la chuma la zamani lilikuwa limeoza, na aliyeling'oa na kuweka la plastiki ni mimi. Nilichimba mtaro ule kwa jembe langu. Nilijua, na wakati wa kufunga waya sikukumbuka, au sikutaka kukumbuka. Umeme nilioutuma ardhini ulifika mferejini, ukakosa njia, ukakaa hapo ukingoja.

Siku chache baada ya ng'ombe, mke wangu alikuja mlangoni akiwa ameshika mkono wake.

"Hii maji inaniuma."

"Maji inauma namna gani?"

"Inauma kama siafu. Mpaka hapa." Akaonyesha kiwiko.

Nilitoka nje, nikaushika mfereji kwa mkono mzima, nikaufungua, nikaufunga. Sikusikia kitu. Nikamwambia ni kuchuma chai kunakomchosha mishipa. Jirani alipokuja Jumapili nilimwita naye ashike. Akashika, akasubiri, akaangalia juu kama mtu anayepimwa na daktari.

"Shemeji, huyu mfereji ni mpole kama mchungaji," akasema.

Mke wangu akachukua ndoo yake akarudi jikoni. Mvua ndogo ilikuwa imenyesha asubuhi, kwa hiyo jirani alikuwa amevaa gambuti, na mimi pia. Nyumbani gambuti zilikuwa jozi moja, na aliyezivaa ni mimi. Yeye alisimama kwenye saruji iliyolowa bila viatu, kwa sababu ndara ziliteleza pale. Mpira haupitishi umeme. Hilo nilikuwa nimelijibu katika mtihani.

Hakubishana tena, na hilo lilipasa kunitisha. Alifunga kitambaa kwenye kishikio cha mfereji na akawa anafungua haraka na kuondoka haraka. Ng'ombe aliendelea kwenda mtoni, na maziwa yakapungua mpaka kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kikakaa siku nyingi bila kujazwa. Akina mama wa kanisani walikuja kuliombea hori. Walisimama kwenye nyasi kulizunguka, wakaimba, mmoja akaweka mkono hewani juu ya maji bila kuyagusa. Mimi nilikaa ndani kwa heshima nikingoja wamalize, ili niweke santuri.

Kulikuwa na ishara nyingine, na hii niliijua mimi peke yangu. Kila mtu alipogusa mfereji, kitu kidogo kilibadilika kwenye spika. Mngurumo ulirudi kwa mbali, ukatetemeka, ukaondoka. Nilikaa kwenye kiti changu nikijua kwamba mke wangu anateka maji, bila hata kutazama dirishani. Badala ya kuogopa, nilifurahi kwamba nina sikio zuri.

Kisha mvua za masika zikaja, na mvua ya mawe pamoja nazo, ikachanachana majani ya chai yetu. Katikati ya dhoruba moja stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, balbu ikawaka nyeupe kupita kiasi, halafu ikatulia. Amplifaya ikatoa harufu kama ya nywele zilizoungua. Niliifuta kwa kitambaa, nikaijaribu, ikaimba. Ilikuwa inapata joto kuliko zamani. Nikaiacha.

Jumapili iliyofuata ilinyesha tangu asubuhi. Tulirudi kanisani tumelowa, jirani akaja, tukakaa. Niliweka santuri ya kwaya niliyoipenda kuliko zote, ambayo nilikuwa siruhusu mtu mwingine aiguse. Ukungu ulikuwa umefika dirishani. Mke wangu akatoka na birika kuteka maji ya chai yetu sisi wawili.

Mngurumo ukaja. Haukutetemeka na kuondoka kama siku zote. Ulipanda, ukapanda tena, ukafunika sauti za waimbaji, ukabaki hapo juu.

"Karani," jirani akasema, "mahindi imerudi."

Nilikuwa nimekwisha simama. Nilijua kilichokuwa kikitokea, na sitaki kusema leo kwamba sikujua. Kupitia dirishani nilimwona ameinama kidogo, mkono kwenye mfereji, birika limeanguka miguuni, kitambaa chake kimelowa chapachapa. Hakupiga kelele. Alionekana kama mtu aliyesimama akifikiria jambo.

Soketi ilikuwa nyuma ya meza. Ili kuifikia ilinibidi kupita mbele ya pleya. Nikapita, na mkono wangu ukainua sindano. Niliinua taratibu, kwa kidole kimoja, kama nilivyofanya kila mara ili santuri isikwaruzike. Nikaurudisha mkono wa sindano mahali pake, nikausikia ukikaa. Ndipo nikainama nyuma ya meza na kuzima stima.

Akaanguka.

Jirani ndiye aliyepata pikapu ya mfanyabiashara mmoja, tukampeleka hospitali ya misheni Kaplong tukiwa tumemfunika kwa turubai. Njia nzima alikuwa akipumua, na mimi nikihesabu pumzi zake mpaka nikachanganyikiwa. Aliishi. Waliomtibu walifanya yote waliyoweza, lakini kiganja cha kulia kilikuwa kimeungua ndani, na vidole vilipopona vilikuwa vimejikunja kama vya mtu anayeshika kitu kisichoonekana. Kuchuma majani mawili na chipukizi kunataka kidole gumba na cha shahada vikutane. Vyake havikukutana tena.

Wageni walipokuja kumwona wodini, jirani aliwasimulia. "Huyu bwana yake aliruka kama moto. Mimi nilikuwa bado kwenye kiti, yeye ameshazima. Bila yeye tungekuwa tunaongea mengine." Watu wakanishika mkono. Mama mmoja wa kanisani alisema Mungu alinipa elimu kwa ajili ya siku ile. Mke wangu alikuwa amelala akitazama dari. Nikapokea mikono yote.

Kabla hajaruhusiwa kurudi nilitengeneza kila kitu. Niliukata waya wa dirishani. Nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye kile chuma cha athi, nikakuta kiungo chake kimeota kutu na waya umelegea, umeshikilia kwa uzi mmoja tu. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa mngurumo tangu mwanzo. Nilinunua chuma kirefu, nikakipiga mahali penye unyevu karibu na mtaro, nikasugua, nikakaza. Nikarudisha waya wa kijani kwenye plagi. Amplifaya iliyoungua niliitoa ndani nikaitupa kwenye shimo la choo cha zamani. Kazi yote haikuchukua hata alasiri moja.

Siku aliyorudi nyumbani mvua ilikuwa inanyesha. Nilimkalisha mlangoni, kisha nikaenda mpaka kwenye saruji, nikavua gambuti, nikavua na soksi. Nikasimama pale bila viatu, maji yakipita kwenye vidole vyangu, nikaushika mfereji kwa mikono miwili. Nilitaka aone. Labda nilitaka pia uniume kidogo. Haukuniuma. Nyuma yangu ng'ombe alikuja polepole, akanusa hori, akangoja, akaanza kunywa.

"Haiumi tena," nikamwambia mke wangu.

"Sasa unaamini ilikuwa inauma?"

"Naamini."

Alikuwa ameulaza mkono wake mbovu juu ya paja, kiganja juu. Alimtazama ng'ombe akinywa, kisha akasema bila kupandisha sauti, "Ile siku nilikuwa nasikia kila kitu. Sikuweza kuachilia, lakini masikio ilikuwa inafanya kazi. Nilikuwa nasikia ile kwaya yako."

Nikaukaza mfereji ambao haukuwa unavuja.

"Muziki ilinyamaza kwanza," akasema. "Ilinyamaza vizuri, bila kukwaruza. Mimi nikaendelea kushikwa. Halafu ndiyo nikaachiliwa."

Akainuka kwa kushika mwimo wa mlango kwa mkono wa kushoto, akaingia ndani kuwasha moto. Nilibaki nimeushika mfereji, miguu ikifa ganzi kwa baridi, mpaka ng'ombe alipomaliza kunywa na kuondoka.