Mikono Miwili Juu ya Boneti

Mikono niliyoiona juu ya boneti siku ile ilikuwa ya nani? Nimesomea uhandisi wa mitambo chuo kikuu. Siamini mizimu, na hata kanisani naenda ili mama asinune. Lakini hili lilinitokea mimi mwenyewe, saa tisa mchana, jua likiwaka Mwanza nzima.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari Buzuruga. Mzee Karim, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alituita kwake karibu na ziwa tufufue gari la marehemu baba yake, lililolala ghalani zaidi ya miaka thelathini. Turubai lilipovutwa, baba alifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Vipi, limekushinda kabla hujaligusa?" nikamtania.

"Shika spana, injinia wa karatasi."

Tulitoa plagi, tukamimina oili kwenye silinda, tukaiacha siku mbili ilainishe pistoni zilizoganda. Tukasafisha kabureta, tukamwaga petroli iliyooza, tukatia mpya. Siku ya tatu injini ikakubali kuzunguka kwa mkono.

Baba akatoka kwenda kunawa. Ndipo akaingia mzee wa ovaroli ya bluu, mkono wa kulia mfukoni.

"Shikamoo mzee."

Hakuitikia. Niambie, mzee gani wa kwetu huacha shikamoo ianguke chini? Akachungulia injini, akasema taratibu, "Baba yako ana vidole vizuri. Bado vyote kumi."

Nikacheka, nikainama kuokota plagi. Nilipoinuka hayupo. Nikajiambia ni mlinzi wa jirani.

Gereji yetu ilikuwa na sheria moja, na baba aliwahi kunizaba kofi kwa kuisahau: aliye kwenye usukani hawashi mpaka aliye mbele ainue mikono yote miwili juu ya boneti, ionekane. Baba aliporudi tulifunga plagi na betri mpya, kisha akainama kwenye injini. Mimi nikakaa kwenye usukani. Boneti iliyo wazi ilimficha. Mikono miwili ikainuka juu yake. Niamini, niliiona. Nikazungusha ufunguo.

Injini iliwaka mara moja, safi kabisa. Baba akapiga yowe.

Feni ilichukua vidole vinne vya mkono wa kulia.

"Umewashaje? Sijainua mikono!"

Hapo picha ikanirudia: mkono mmoja kati ya ile miwili ulikuwa na dole gumba tu. Na nilipokuwa nauona, baba alikuwa bado mzima.

Mzee Karim alikuja mbio. "Jamani, asiegemee viti! Damu haitoki kwenye ngozi." Kisha akasikiliza injini, akatabasamu.

Baba hajashika spana tena. Mama ananipakulia chakula bila kuniangalia. Anaamini niliwasha kwa papara. Baba hanilaumu, wala hanitetei. Anakaa tu, mkono mfukoni.

Nawe ukiitwa kufufua gari lililolala, usiulize tu injini ilikufa na nini. Muulize fundi uliyekwenda naye kama yeye na gari hilo wanafahamiana.

Mimi nilikuja kujua miaka mingi baadaye, msibani, kwa fundi mmoja mstaafu. Gari lile lilifunikwa turubai baada ya feni kumkata vidole vinne fundi wake, mwalimu wa baba. Kidonda kikaoza, akafa. Aliyekuwa kwenye usukani, akawasha bila kuangalia, alikuwa baba.